Sanduku la Barafu na Mgeni Rasmi

Kwanza ieleweke kwamba nchi ya Shwarini haina matatizo. Ina changamoto, na zote zinashughulikiwa. Ninayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani kuwa yaliyompata Daktari Tendwa Mahimbo yalitokana na uzembe wa mtu. Shwarini hakuna wazembe. Kila jambo kule lina utaratibu wake, kila utaratibu una kamati, na kamati zote hunywa chai saa nne.

Daktari Tendwa alikuwa mtu pekee nchini aliyejua kutoa moyo na mapafu katika kifua cha mtu aliyekwisha kufa ubongo, na kuyapandikiza kwa mtu ambaye yake yamechoka. Aliisomea kazi hiyo ng'ambo miaka tisa, akarudi na vyeti viwili, kikohozi cha baridi na desturi moja ndogo. Kabla ya kukata chochote aliwaomba wenzake wa thieta wasimame kimya dakika moja, na Sista Anzawe, muuguzi wake mkuu, asome sentensi iliyotoka kwa familia ya marehemu. "Alipenda maharage ya nazi." "Alikuwa mkorofi lakini tulimzoea." Basi, kisha kazi inaanza.

Ilikuwa desturi nzuri na haikumdhuru mtu. Siku moja afisa wa wizara aliyekuwa akitafuta choo alifungua mlango usio wake katikati ya ile dakika, akaona watu wazima wamefunika pua na kuinamisha vichwa, akatokwa na machozi. Alirudi ofisini akaandika ripoti. Miezi mitatu haikupita, ile dakika moja ilikuwa imenenepa na kuwa Mwongozo wa Taifa wa Kuaga na Kupokea Viungo, kurasa sitini na mbili, pamoja na hema, viti mia mbili, kikundi cha ngoma na mgeni rasmi. Kifungu cha kumi na nne kilisema kwamba kiungo hakitaondoka uwanjani kabla mgeni rasmi hajaondoka, kwa kuwa hakuna raia anayeruhusiwa kufanya hivyo, na kiungo ni cha raia.

Daktari Tendwa alipokisoma kifungu hicho alishtuka. Alishtuka kidogo tu, maana ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha yake, na chini yake maneno "Mwasisi wa Dakika". Tangu siku hiyo akatengewa kiti mstari wa mbele katika kila shughuli, kiti cha kitambaa, na pembeni yake chupa ya maji ambayo hakuchangia na mtu. Aliyezoea viti vya plastiki atamwelewa.

*

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, na hapo ndipo kosa lilipoingilia. Kiungo cha kwanza kuagwa kilikuwa figo. Figo ikiwa kwenye barafu yaweza kungoja siku nzima, na ile ilingoja hotuba tatu, shairi la kumsifu waziri na chakula cha mchana, ikapandikizwa na ikafanya kazi. Cha pili kilikuwa kioo cha jicho. Kile kiliagwa siku mbili, maana siku ya kwanza ilinyesha mvua na mgeni rasmi akawa na viatu vya ngozi. Hakikulalamika. Wizara ikahitimisha kwamba viungo vya Shwarini vina nidhamu.

Daktari akaandika barua. Alieleza kwa heshima zote kuwa moyo si figo. Kuwa tangu damu inapokatwa, moyo na mapafu yana saa nne tu, na ndani ya hizo nne kuna safari ya barabarani na kuna kushona. Jibu lilikuja baada ya wiki tano likiwa na mihuri mitatu. Wizara ilikuwa imeipokea hoja yake, na ilimwagiza auelimishe moyo kuhusu umuhimu wa shughuli.

Alicheka peke yake ofisini. Akamwonyesha Sista Anzawe, naye hakucheka.

"Utawajibu nini?"

"Nitawajibu tu, Sista. Wewe usiwe na wasiwasi."

Hakuwajibu. Juma lilelile alikuwa ameletewa mwaliko wa kuketi na wakubwa kwenye sherehe za taifa, na si vizuri kumwandikia barua ya ubishi mtu anayekualika chakula.

*

Wakati huo, wodi namba nne ya Hospitali Kuu, alikuwa amelala Mwalimu Eliwaza Nderumo, mwalimu wa hesabu wa miaka thelathini na sita. Moyo wake ulikuwa umetanuka na mapafu yamekakamaa, na hakuweza kumaliza kuchana nywele bila kupumzika mara mbili. Kwa miezi kumi na moja alisahihisha madaftari ya wanafunzi wake kitandani, bomba la hewa puani, huku akimngoja mtu wa damu na umbo kama lake afe. Aliona aibu kuliombea jambo hilo, akaliombea hivyohivyo.

Ndipo fundi umeme mmoja wa mji wa Kitopeni, mwendo wa saa moja kutoka mji mkuu, alipoanguka kutoka juu ya nguzo. Jina lake Rajili Mshangama, miaka ishirini na minane. Ubongo ulikufa, kifua kikabaki kizima, kikipumua kwa mashine. Madaktari wawili walimpima mara mbili kwa nyakati tofauti, wakakubaliana. Daktari Tendwa alikwenda mwenyewe kuzungumza na mama yake, Bi Zuhuria, mwanamke mfupi aliyekuwa bado ameshika viatu vya mwanawe mkononi.

"Mwanangu amekufa au hajafa? Niambie kwa lugha yangu."

"Amekufa, mama. Inayopumua ni mashine. Ikizimwa, na moyo utasimama."

"Na mkiuchukua ninyi?"

"Utasimama kidogo tu. Kisha utapiga tena, kwa mtu mwingine."

Bi Zuhuria aliviweka vile viatu chini, kimoja kando ya kingine.

"Nitaruhusiwa kuusikiliza?"

"Huyo mtu akipona, mama, utaweka sikio lako kifuani pake. Nakuahidi mimi mwenyewe."

Hakuomba kingine. Alitia dole gumba kwenye karatasi, na alipoulizwa sentensi ya kusomwa akasema waandike kwamba Rajili hakuweza kuona jirani yuko gizani akanyamaza.

*

Ilikuwa Alhamisi. Saa tatu asubuhi, katika hospitali ya Kitopeni, kifua kilikuwa wazi, na Daktari Tendwa aliutazama moyo wa Rajili ukipiga, mwekundu, mnene, hauna kasoro. Mapafu nayo yalikuwa safi, maana fundi huyu hakuvuta hata sigara moja. Akampigia simu daktari wa usingizi Hospitali Kuu: mwandaeni Mwalimu.

Mlangoni mwa thieta alisimama Bwana Pazi, Afisa Itifaki, amevaa suti na glavu nyeupe zilizokusudiwa gwaride.

"Daktari, mheshimiwa yuko getini. Tafadhali sanduku liwe mezani akifika. Waziri hawezi kuusubiri moyo."

"Una hakika, Bwana Pazi?"

"Nimeliona gari lake kwa macho yangu haya."

Na kweli aliliona. Shwarini gari la waziri hutangulia saa mbili kabla yake, likiwa tupu, kwenda kukagua kivuli. Daktari alilijua hilo; hata watoto wa nchi ile wanalijua. Lakini aliiona akilini ile meza ikiwa tupu na waziri akiitazama, akaona na kiti chake cha kitambaa kikirudishwa stoo. Saa nne na dakika kumi akabana mshipa mkuu. Dawa ya baridi ikateremka, moyo wa Rajili ukapiga mara tatu za kivivu, ukatulia. Wakautoa pamoja na mapafu yake mawili, vyote vimeshikana kama vilivyoumbwa, wakavitia katika mifuko mitatu na sanduku la barafu.

"Saa nne na kumi," alisema Sista Anzawe, akaiandika kwa kalamu kwenye kipande cha plasta alichokibandika mkononi. "Gari linanguruma nje. Tupite mlango wa nyuma."

"Dakika tano tu, Sista. Yuko getini."

*

Mheshimiwa Kasindi Bombwe, Waziri wa Afya, Ustawi na Matumaini, alifika saa sita kasoro robo. Sanduku lilikuwa mezani chini ya hema, limevishwa bendera na shada la maua ya plastiki, na barafu ikitoa jasho chini ya kitambaa. Ngoma ilipigwa. Waziri akacheza kidogo, akashangiliwa, akacheza tena.

"Itifaki imezingatiwa," alisema alipofika kwenye kipaza sauti, kisha akaanza kuizingatia. Alimtaja mkuu wa mkoa, wakuu wa wilaya, wazee maarufu, wazee wasio maarufu, na mwenye hema. Dakika ishirini na sita zilikwisha kabla hajasema neno moyo.

"Saa sita na nusu," alinong'ona Sista Anzawe nyuma ya kiti cha daktari.

"Ndugu wananchi!" alinguruma waziri. "Ziko nchi ambako moyo hutolewa kwa siri, ukakimbizwa mlango wa nyuma kama kuku wa wizi. Sisi hatukimbii! Tunakimbilia wapi? Moyo wa Mshwarini ni moyo mvumilivu! Mapafu ya Mshwarini ni mapafu yenye pumzi ndefu! Na niwahakikishie, chini ya serikali hii, hakuna kiungo kitakachoondoka bila kuagwa!"

Watu wakapiga makofi. Daktari Tendwa naye akapiga. Alikusudia kupiga mara mbili tu kwa heshima, lakini kamera ilikuwa ikipita mbele yake.

"Saa saba, daktari. Simama tu. Ukisimama wewe, mimi nalichukua."

"Kifungu cha kumi na nne, Sista."

"Kifungu hakina mgonjwa wodini."

Aliposhindwa kumwinua aliamua kulichukua mwenyewe. Alikuwa hajafika mezani, vijana wawili wa usalama wakamwomba kwa adabu kubwa kibali cha kiungo kuondoka. Kibali hutiwa saini na mgeni rasmi. Mgeni rasmi alikuwa anaongea. Sista Anzawe akarudi nyuma ya kiti, na tangu hapo hakunong'ona tena.

Upande wa pili wa hema, katika viti vya wafiwa, Bi Zuhuria alikuwa amevishwa kitenge cha shughuli, kilichochapishwa sanduku kubwa mgongoni. Alilitazama sanduku la kweli pale mezani. Kisha akageuka akamtazama daktari, mtazamo wa mtu mwenye swali asiyejua kama anaruhusiwa kuuliza. Daktari Tendwa akamtikisia kichwa taratibu, akatabasamu, kumtuliza. Katika yote aliyoyafanya siku ile, hilo ndilo lililokuja kumnyima hamu ya kula.

Mheshimiwa aliondoka saa nane kasoro dakika tano. Gari la wagonjwa lilikwenda mbio zake zote, likafika Hospitali Kuu saa tisa kasoro dakika tano. Kwenye mlango wa thieta kulikuwa na utepe mwekundu na kamati ya mapokezi. Sista Anzawe aliukata kwa mkasi wa bandeji bila kupunguza mwendo, na kwa kosa hilo aliandikiwa barua ya onyo siku ya Jumatatu.

Daktari Tendwa alifungua sanduku. Aliuinua moyo kwa mikono miwili, akaubonyeza kidogo kwa kidole gumba. Ulikuwa mgumu. Mapafu yalikuwa yamepoteza rangi yake. Kwa mara ya kwanza tangu mwongozo upitishwe, watu wa thieta ile walinyamaza dakika nzima.

*

Mwalimu Eliwaza alizinduka akiwa na kifua chake kilekile. Alijipapasa, hakukuta bandeji, akaelewa. Daktari alikuwa amekaa kando ya kitanda.

"Imekuwaje?"

"Moyo haukufaa, Mwalimu. Pole sana."

"Ulitolewa saa ngapi?"

"Saa nne na dakika kumi."

"Ukafika hapa?"

"Saa tisa kasoro dakika tano."

Alifumba macho, midomo ikicheza. "Saa nne na dakika arobaini na tano. Na kutoka Kitopeni ni saa moja. Zinabaki saa tatu na dakika arobaini na tano." Akavuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine. "Zilikwenda wapi hizo, daktari? Onyesha njia."

Ndivyo alivyokuwa akiandika kwa wino mwekundu kwenye madaftari ya watoto wanaotoa majibu bila maelezo. Daktari Tendwa, mwenye vyeti viwili kutoka ng'ambo, alitazama vidole vyake.

"Kulikuwa na shughuli," alisema.

"Ahaa," alisema Mwalimu, akageukia ukutani.

Alifariki baada ya siku kumi na mbili. Kando ya mto wake kulikuwa na madaftari arobaini, ishirini na matatu yamesahihishwa.

*

Ripoti ya wizara ilitoka mapema kuliko ilivyotarajiwa. Ilionyesha kuwa kati ya mambo kumi na tisa yaliyopangwa katika ratiba, kumi na manane yalitekelezwa kikamilifu, ufanisi usiopata kuonekana katika ukanda mzima. La kumi na tisa, yaani upandikizaji, lilikuwa limeahirishwa hadi tarehe itakayotangazwa. Kwa mafanikio hayo ikaamuliwa kuwe na Siku ya Moyo wa Taifa, na Daktari Tendwa avishwe nishani.

Tatizo, samahani, changamoto, ilikuwa Bi Zuhuria. Alifika wizarani mara tatu kuulizia ahadi yake. Hakugomba. Alikaa kwenye benchi la wageni na kumwambia kila aliyepita kwamba amekuja kuusikiliza moyo wa mwanawe, na watu wakaanza kuona haya kupita ukumbi ule. Bwana Pazi akapata ufumbuzi. Alikwenda kwa daktari akiwa na bahasha ya mwaliko na uso wenye furaha.

"Tuna mhudumu wa mapokezi pale wizarani, binti mwenye afya yake. Tutamfunga bandeji kidogo kifuani. Mama atasikiliza, atafurahi, kamera zitachukua, yamekwisha."

"Huo ni uongo, Bwana Pazi."

"Uongo? Daktari, huo ni uwakilishi! Waziri asipoweza kufika, si huwakilishwa? Na watu si hupiga makofi vilevile? Kwa nini moyo usiwakilishwe?"

Daktari Tendwa alipokea bahasha. Ndani yake, pamoja na mwaliko, kulikuwa na ramani ya ukumbi na kiti chake kimezungushiwa duara.

*

Siku ya Moyo wa Taifa ukumbi ulijaa. Daktari alivishwa nishani nzito yenye umbo la sanduku. Kisha akaletwa yule binti katika kiti cha magurudumu, amepakwa poda nyeupe apate kuonekana mgonjwa, na Bi Zuhuria akashikwa mkono hadi jukwaani. Alivua mtandio sikio moja. Akainama, akaliweka sikio kwenye bandeji, akafumba macho.

Binti wa mapokezi akayakaza macho yake darini, machozi yakimchora mistari kwenye poda, na hakuna aliyemwambia alie. Bi Zuhuria alisikiliza muda mrefu sana, mpaka mpiga picha akabadilisha betri. Alipoinuka alimtazama daktari.

"Ni wake?"

Pale mbele kulikuwa na waziri, na Bwana Pazi, na kamera nne, na kiti cha kitambaa. Kulikuwa pia na Sista Anzawe, mlangoni kabisa, amesimama.

"Ndiyo, mama," alisema Daktari Tendwa. "Ni wake."

Bi Zuhuria akamshika mikono yote miwili, akaibusu. "Mungu akulipe, mwanangu. Akulipe sawasawa na ulivyotenda."

Sehemu yake katika ratiba ilikuwa imekwisha, kwa hiyo akapitishwa mlango wa pembeni. Daktari akarudi kitini. Mheshimiwa Kasindi Bombwe akasimama, akasema itifaki imezingatiwa, akaanza na mkuu wa mkoa.

Alikuwa amefika kwenye wazee wasio maarufu wakati Daktari Tendwa aliposimama.

Alisimama tu, katikati ya mstari wa mbele, nishani ikining'inia. Waziri akanyamaza, kwa kuwa jambo hilo halikuwa limewahi kutokea Shwarini na hapakuwa na kifungu chake. Bwana Pazi alimwashiria akae kwa glavu zake nyeupe. Vijana wa usalama walitazamana. Daktari akapita mbele ya magoti ya wakubwa, samahani, samahani, samahani, akafika mlangoni. Sista Anzawe akampisha, akatazama plasta isiyokuwepo mkononi mwake, akainamisha kichwa.

Daktari alimkuta Bi Zuhuria getini, ameketi kwenye ukingo wa mtaro, anafunga kitenge chake vizuri kwa safari.

"Mama, nimekudanganya. Yule binti ana moyo wake aliozaliwa nao. Wa Rajili haukupiga tena. Na yule aliyekuwa aupate, mwalimu wa watoto, naye amekufa. Haukutolewa vibaya, mama. Ulitolewa ukiwa mzima. Uliwekwa pale mezani mpaka ukafa."

Bi Zuhuria aliendelea kushika fundo la kitenge ambalo alikuwa hajalikaza.

"Siku ile ya hema?"

"Siku ile ya hema."

"Wakati yule mheshimiwa anasema?"

"Ndiyo, mama."

Ndani ya ukumbi waziri alikuwa ameipata sauti yake tena, na vipaza sauti vya getini vilimtaja mwenye hema. Bi Zuhuria alingoja kelele za makofi zipite.

"Lile sanduku lilinitia hofu," alisema. "Nililitazama, nikajiuliza, mbona halipelekwi? Nikataka kuinuka nipige kelele, hata wanicheke. Halafu nikakutazama wewe. Umekaa, unanitikisia kichwa, unatabasamu. Nikasema, aa, niache ushamba. Kama kungekuwa na haraka, daktari angesimama."